Taa za nyumbani za mtindo wa Arts and Crafts: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Wengi wanaouliza kuhusu taa hizi ni wasomaji wanaoishi Marekani au Uingereza katika nyumba zilizojengwa mwanzoni mwa karne ya 20. Wamekuta sebuleni taa ya shaba yenye alama za nyundo, au fanusi ya mbao na kioo cha rangi ya asali, na wanataka kujua ni kitu gani na wakifanyie nini. Wengine wameziona picha tu wakazipenda. Majibu haya ni kwa wote.

Arts and Crafts ni nini hasa?

Jina lenyewe maana yake ni "sanaa na ufundi". Ni vuguvugu la mafundi, wasanifu majengo na wachoraji lililoanzia Uingereza katika nusu ya pili ya karne ya 19, likavuka bahari hadi Marekani na kushika kasi huko kati ya mwaka 1900 na Vita Kuu ya Kwanza. Chimbuko lake ni uchungu. Viwanda vilikuwa vinamwaga sokoni samani na vyombo vilivyojaa nakshi zisizo na maana, kazi ya watu ambao kila mmoja alijua kipande chake kimoja tu. John Ruskin, mwandishi na mhakiki wa sanaa wa Uingereza, aliuliza katika miaka ya 1850: mtu akishageuzwa kuwa sehemu ya mashine, anabaki na nini? Mbunifu na mshairi William Morris alilichukua swali hilo na kulitafutia jibu la vitendo. Mwaka 1861 yeye na wenzake walifungua London kampuni ya kupamba nyumba, wakitengeneza vioo vya rangi, samani, vitambaa na karatasi za ukutani. Jina la vuguvugu lilikuja baadaye, mwaka 1887, ilipoundwa jumuiya ya Arts and Crafts Exhibition Society. Maonyesho yake ya kwanza yalifanyika London mwaka uliofuata.

Kwa upande wa taa, imani yao ilizaa jambo moja unaloweza kuliona kwa macho hadi leo: taa inaonyesha wazi jinsi ilivyotengenezwa, na inaificha balbu. Ribiti zinaachwa nje. Alama za nyundo hazisuguliwi zikafutika. Mnyororo ni mnyororo kweli, unabeba uzito. Lakini chanzo cha mwanga kinafunikwa kwa kioo kizito, ulanga (madini yanayopitisha mwanga), kitambaa au kofia pana ya shaba, ili jicho likutane na mwanga uliokwisha kutulizwa. Ukilishika hilo, mengine yote katika ukurasa huu utayaelewa kirahisi.

Kabla ya umeme nyumba hizo zilimulikwa kwa kitu gani?

Mishumaa, mafuta na gesi. Mafuta ya taa yalipatikana kwa wingi baada ya kisima cha Titusville, Pennsylvania, kuchimbwa mwaka 1859. Mijini, wenye uwezo walivuta gesi kwa mabomba hadi sebuleni. Gesi ilitia dari weusi, ilipandisha joto la chumba na kuharibu picha na mapazia. Mwaka 1885 Carl Auer von Welsbach wa Austria aliiboresha kwa kile kisoksi cheupe ambacho kila aliyewahi kuwasha karabai anakijua: kinapopata moto kinang'aa kuliko ndimi za moto wenyewe.

Jambo la kukumbuka ni kwamba moto hupanda juu. Kwa hiyo taa zote za zamani zilitazama juu, na juu yake palihitaji nafasi wazi. Umeme ulipoingia, kwa mara ya kwanza chanzo cha mwanga kiliweza kutazama chini, pembeni, popote. Kwa miaka kadhaa watu hawakuuamini, maana ulikatika hovyo, hivyo yakatengenezwa mataa ya mseto: mikono ya gesi ikielekea juu, mikono ya umeme ikielekea chini, zote kwenye shina moja. Ukikuta taa ya namna hiyo ambayo haijakatwakatwa, umepata kumbukumbu nzuri sana ya miaka ile ya mpito.

Umeme uliingia lini katika nyumba za watu?

Joseph Swan alionyesha balbu yake Newcastle mapema mwaka 1879, na Thomas Edison akaonyesha ya kwake Marekani mwishoni mwa mwaka huohuo. Mwaka 1880 balbu za Swan ziliwekwa Cragside, jumba la tajiri wa silaha William Armstrong kaskazini mwa Uingereza, zikitumia nguvu ya maji ya bwawa lake.

Taa za maktaba ya Cragside zinanivutia kuliko zote za kipindi kile. Armstrong alichukua vasi za shaba zilizopakwa enameli, akaweka balbu juu yake. Mwili wa vasi wenyewe ndio uliorudisha umeme. Waya wa kuingiza ulipita ndani ya vasi, ukatokeza chini ukiwa uchi, na ncha yake ilizama katika kikombe kidogo cha zebaki kilichokuwa kwenye kitako. Hapakuwa na swichi. Ukitaka kuzima, uliinyanyua vasi. Ukitaka kuwasha, uliirudisha mahali pake. Leo hakuna mkaguzi atakayeruhusu kitu kama hicho nyumbani, na ni haki. Lakini inaonyesha jinsi watu wale walivyokuwa wanabuni bila mfano wowote wa kuiga.

Nani alitengeneza taa za kwanza za mtindo huu?

Jina la kulikariri ni W. A. S. Benson (1854–1924). Alisomea usanifu majengo, akafahamiana na Morris, na Morris akamhimiza aingie katika ufuaji wa vyuma. Mwaka 1880 alifungua karakana London, na kufikia mwaka 1887 alikuwa na duka mtaa wa Bond Street, penye wateja wa kifahari.

Benson hakufanana na wenzake. Morris aliiogopa mashine, Benson aliipenda. Alitumia mashine za kukereza na za kukandamiza mabati ya shaba, akatengeneza sehemu zinazoweza kuunganishwa kwa namna nyingi. Taa zake zina majani ya shaba nyekundu na ya njano yanayochanua nyuma ya balbu. Majani yale si mapambo matupu. Yamekunjwa kwa pembe maalumu ili yaudake mwanga na kuutupa chumbani, huku yakilikinga jicho. Mwaka 1895 mfanyabiashara wa sanaa Siegfried Bing alipofungua Paris duka lake maarufu la sanaa mpya, kazi za Benson zilikuwemo. Na Morris alipokwisha kufariki, mwaka 1896, Benson huyu mpenda mashine ndiye baadaye aliyeiongoza kampuni ya Morris. Wanaosema Arts and Crafts maana yake ni kazi ya mkono peke yake wanamsahau.

Mahali pazuri pa kuona kazi yake ni Standen, katika jimbo la West Sussex. Nyumba hiyo ilibuniwa na msanifu majengo Philip Webb kwa ajili ya wakili James Beale na kukamilika mwaka 1894, ikiwa na umeme tangu siku ya kwanza. Webb hakuning'iniza taa kubwa katikati ya dari ya sebule. Alitundika ukutani mabamba ya shaba yaliyofuliwa kwa umbo la alizeti, na mbele ya kila bamba balbu ndogo inaning'inia. Ukuta wenyewe unageuka kuwa sehemu ya taa. Nimeona vyumba vingi vya kisasa vyenye taa ghali, na sijaona vingi vilivyofikiriwa vizuri kiasi hicho.

Mtindo ulifikaje Marekani?

Mlango mkubwa ulikuwa Gustav Stickley (1858–1942). Alikuwa fundi samani huko Syracuse, jimbo la New York. Alisafiri Ulaya mwishoni mwa miaka ya 1890, akarudi amebadilika. Oktoba 1901 alianzisha jarida la The Craftsman. Toleo la kwanza lilimhusu Morris, la pili Ruskin. Muda si mrefu akawa na karakana yake ya vyuma, kwa sababu hakuridhika na vitasa na taa zilizokuwa madukani. Alisema waziwazi kuwa vilikuwa haviendani na samani zake za mwaloni.

Taa za Stickley ni nyepesi kuelezeka: fanusi za pembe nne za shaba au chuma, kioo kizito chenye rangi ya kaharabu, mnyororo, na boriti ya mwaloni inayozibeba. Mara nyingi alizipanga kadhaa kwa mstari juu ya meza ya chakula. Kwa mezani alitumia shina la mwaloni au shaba na kofia iliyosukwa kwa vijiti vyembamba vya mti wa willow, ndani ikiwa na kitambaa cha hariri. Jarida lake lilitoa pia michoro ya nyumba, hivyo mtu wa kipato cha kati aliweza kujenga, kuweka samani na kuwasha taa kwa fikra moja. Huo ndio ushawishi wake mkubwa. Nyumba ndogo za ghorofa moja na nusu, zenye kibaraza kipana, zikaenea kutoka New York hadi California, na taa za namna hii zikaenda nazo.

Kundi la pili ni Roycroft, jumuiya ya mafundi iliyoanzishwa na Elbert Hubbard katika mji mdogo wa East Aurora, New York, mwaka 1895. Walianza na uchapaji wa vitabu, wakaingia katika ngozi, samani na shaba. Karl Kipp aliongoza karakana ya shaba, na kijana Dard Hunter alibuni taa za vioo vya rangi kwa ajili ya hoteli ya jumuiya. Hubbard na mkewe walizama na meli ya Lusitania tarehe 7 Mei 1915. Mwanawe aliendeleza kazi hadi mwaka 1938. Kazi yao kubwa ya taa iko Asheville, North Carolina: hoteli ya Grove Park Inn, iliyofunguliwa mwaka 1913, iliwaagiza mamia ya taa za shaba.

Dirk van Erp ni nani, na kwa nini taa zake zinatajwa kila mahali?

Kwa sababu ni nzuri kuliko zote. Hayo ni maoni yangu, ila si mimi peke yangu ninayeyashikilia.

Van Erp alizaliwa Leeuwarden, Uholanzi, akahamia California, akafanya kazi katika kiwanda cha meli za kivita cha Mare Island karibu na San Francisco. Wakati wa mapumziko alikuwa akiokota maganda ya mizinga ya shaba ya njano na kuyafua yawe vasi. Vasi zikanunuliwa. Mwaka 1908 akafungua karakana Oakland, mwaka 1910 akahamia San Francisco, na huko akashirikiana kwa takriban mwaka mmoja na mbunifu wa kike, Eleanor D'Arcy Gaw. Ushirika wao ulikuwa mfupi, lakini umbo tunaloliita "taa ya Van Erp" lilikomaa katika kipindi hicho. Vyombo vya wakati huo vina muhuri wa kinu cha upepo pamoja na majina yote mawili. Baadaye jina la Gaw liliondolewa. Agatha, binti wa Van Erp, naye alikuwa fundi katika karakana ileile.

Tazama jinsi taa moja ilivyotengenezwa. Fundi anaanza na bamba bapa la shaba nyekundu. Analilaza juu ya fuawe ndogo yenye kichwa cha mviringo, analipiga kwa nyundo akilizungusha, duara baada ya duara, mpaka kingo zianze kuinuka. Shaba ikipigwa sana inakuwa ngumu na inataka kupasuka. Basi anaiweka motoni mpaka iwe nyekundu, anaizamisha majini, inalainika tena. Anarudi kuipiga. Safari hii inajirudia mara nyingi kabla bamba halijawa chungu chenye tumbo pana na shingo nyembamba. Mwishoni anapita juu yake chote kwa nyundo laini, akiacha vidimbwi vidogo vinavyokaribiana bila kulingana. Kisha mikono minne inafungwa kwa ribiti begani mwa chungu, inapanda na kushika kofia.

Kofia ndiyo roho ya taa hii. Imetengenezwa kwa ulanga, yale madini yanayometameta na kuchanika tabaka kwa tabaka, ambayo watu wa milima ya Uluguru wanayafahamu kwa sababu yalichimbwa huko enzi za ukoloni. Vipande vyembamba vya ulanga hupangwa kwa kupishana na kugandishwa kwa shelaki, utomvu wa rangi ya kahawia unaotokana na wadudu. Ukiwasha balbu nyuma yake, kila kipande kinapitisha mwanga tofauti kidogo na jirani yake, na kofia nzima inawaka rangi ya asali yenye mawimbi na mishipa. Hakuna kofia mbili zinazofanana. Na kwa kuwa shaba ya chungu ni ya rangi iyohiyo, nyekundu inayoelekea kahawia, huoni mahali mwanga unapoishia na chuma kinapoanzia.

Na hao Greene wa Pasadena?

Ndugu wawili, Charles na Henry Greene, wasanifu majengo. Wao waliacha shaba wakaingia katika mbao. Nyumba yao mashuhuri, Gamble House, ilijengwa Pasadena, California, mwaka 1908 na 1909 kwa ajili ya familia ya wenye kampuni ya Procter & Gamble. Fanusi zake ni za mahogani na vioo vya rangi, na baadhi zimening'inizwa kwa mikanda ya ngozi badala ya minyororo. Pembe za mbao zimelainishwa kwa mkono, na viungo vimefungwa kwa vigingi vya mbao nyeusi ya abunusi (ebony). Ushawishi wa Japani unaonekana wazi. Ndugu hawa walipita kwenye Maonyesho ya Dunia ya Chicago mwaka 1893, ambako Japani ilikuwa imejenga jumba lake, na waliendelea kuisoma sanaa hiyo maisha yao yote.

Kuna habari chungu hapa. Nyumba nyingine waliyoijenga Pasadena, Blacker House, iliuzwa mwaka 1985, na wanunuzi wakaanza kung'oa taa zake ili ziuzwe mojamoja. Fanusi zilizobuniwa kwa ajili ya dari ile, kwa urefu wa chumba kile, zikatawanyika kwa wakusanyaji na makumbusho. Wakazi walikasirika kiasi kwamba mji ulipitisha kanuni ya kuzuia vifaa vya nyumba za Greene kuondolewa ovyo. Wamiliki waliofuata waliagiza nakala na kuirekebisha nyumba. Mimi husikitika ninapoona fanusi moja ya aina hiyo ndani ya sanduku la kioo katika jumba la makumbusho, chini ya taa za dari. Ilibuniwa iwe na ndugu zake chumbani.

Je, taa za Tiffany ni Arts and Crafts?

Ni jirani, si ndugu wa tumbo moja. Louis Comfort Tiffany wa New York alitumia vipande vya vioo vilivyozungushiwa utepe mwembamba wa shaba na kulehemiwa, akachora maua, kereng'ende na matawi. Huo ni mtindo wa Art Nouveau, wenye mistari inayopinda na rangi nyingi. Arts and Crafts ya Marekani hupenda mistari iliyonyooka na rangi chache. Hata hivyo, taa ya Tiffany haikosei njia ikiwekwa katika nyumba ya namna hii. Watu wa wakati ule waliichanganya bila wasiwasi.

Niongeze hili kwa sababu linastahili kusemwa kila Tiffany anapotajwa: taa nyingi kati ya zile maarufu zilibuniwa na Clara Driscoll na wanawake wa idara yake ya kukata vioo. Kwa karibu karne nzima sifa zote zilikwenda kwa Tiffany, mpaka barua za Driscoll zilipogunduliwa na maonyesho kufanyika New York mwaka 2007.

Frank Lloyd Wright naye yumo?

Kazi za mwanzo za msanifu majengo huyu wa Marekani zimo. Dana House ya Springfield, Illinois, iliyokamilika mwaka 1904, ina taa za vioo zenye umbo la kipepeo zilizobuniwa kwa ajili ya nyumba hiyo tu. Robie House ya Chicago ina mipira ya kioo iliyofungwa katika fremu za mbao, na taa nyingine zimefichwa nyuma ya vimia vya mbao ili mwanga uchujwe kabla haujafika chumbani.

Kwa nini taa hizi zina mwanga hafifu? Yangu imeharibika?

Hapana. Haya ndiyo maswali yanayokuja kuliko yote, na jibu lake ndilo linalobadilisha nyumba za watu.

Balbu ya kawaida ya wakati ule ilikuwa ya uzi wa kaboni, yenye nguvu ya mishumaa 16. Kwa vipimo vya leo ni takriban lumeni 200 (lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga), na mwanga wake ulikuwa wa manjano inayokaribia rangi ya chungwa. Balbu ya wati 60 tuliyoizoea baadaye ilitoa lumeni 800, mara nne zaidi. Mbunifu wa mwaka 1905 alichagua kioo, ulanga na kina cha kofia akiwa na ile balbu ndogo mbele yake. Ukiweka kali, kila alichokificha kinajitokeza: kioo kinaonekana chepesi, ulanga unapauka, shaba inakosa kivuli, na jicho linakimbia.

Pia hawakutarajia taa moja iangaze chumba kizima. Palikuwa na taa ya kusomea kando ya kiti, taa mbili za ukutani karibu na meko, fanusi juu ya meza ya chakula, nyingine mlangoni. Kila moja ilikuwa na eneo lake, na kati yake kulikuwa na giza kidogo. Giza hilo lilikuwa sehemu ya mpango. Tulioelekea kuzoea bomba moja jeupe katikati ya dari tunaliona kama upungufu. Jaribu wiki moja bila kuwasha taa ya dari kabla hujaamua.

Niweke balbu gani basi?

LED ya wati 2 au 3, lumeni 200 hadi 300, yenye rangi ya kelvini 2,200 (kelvini hupima rangi ya mwanga; namba ndogo ni manjano zaidi). Kelvini 2,700 inavumilika. Kuanzia 4,000 kwenda juu ni nyeupe ya hospitali, usiiweke. Kama kofia iko wazi na balbu inaonekana, chagua yenye kioo cha maziwa.

LED ina faida nyingine kubwa: haina joto jingi. Shelaki inayoshika ulanga hulainika kwenye joto lisilofika hata la maji yanayochemka, na kofia nyingi za zamani zimepinda kwa sababu mtu aliweka balbu ya wati 100. Hapa teknolojia mpya inailinda kazi ya zamani, na sioni sababu ya kung'ang'ania balbu za uzi kwa ajili ya uhalisi.

Shaba imekuwa nyeusi. Niing'arishe?

Usiguse! Najua sisi tumelelewa kuona sinia na birika la shaba likisuguliwa kwa ndimu na majivu mpaka mtu ajione usoni. Kwa taa hizi ni kosa lisilorekebishika. Ule weusi-wekundu fundi aliuweka makusudi, kwa moto na dawa, kisha miaka mia moja ikaukomaza. Brasso ya dakika tano inaufuta wote, na thamani inashuka nayo. Futa vumbi kwa kitambaa laini kikavu, halafu ukitaka paka nta kidogo isiyo na rangi.

Kofia ya ulanga nayo isiguswe na spiriti wala dawa yoyote yenye kilevi ndani yake. Kilevi huyeyusha shelaki, na vipande vitaachana mbele ya macho yako.

Nitajuaje kama taa ni ya zamani kweli?

Anza na sumaku. Shaba haishikwi na sumaku; ikinata, una chuma kilichopakwa shaba. Kisha angalia alama za nyundo. Za mkono hazilingani, na upande wa ndani utaona kazi imeacha nyayo zake pia. Zilizokandamizwa kwa mashine hujirudia kwa mpangilio uleule. Geuza ribiti: ya kweli imepita hadi upande wa pili na kugongwa, ya uongo ni kichwa tu kilichobandikwa. Skrubu zenye mchoro wa msalaba hazikuwepo kabla ya miaka ya 1930, hivyo ukizikuta, ama taa ni mpya ama imewahi kurekebishwa.

Muhuri utafute mwisho, maana mihuri hughushiwa. Roycroft ni duara lenye herufi R ndani na msalaba wa mistari miwili juu yake. Stickley ana bikari ya seremala yenye maneno ya Kiholanzi "Als Ik Kan" katikati. Van Erp ni kinu cha upepo. Lakini taa nyingi nzuri hazina muhuri wowote. Zilitoka katika karakana ndogo za miji ambayo haikuandikwa popote, na kutokuwa na jina hakuzipunguzii ufundi.

Nakala mpya si dhambi. Kuna mafundi leo Marekani wanaofua shaba na kupanga ulanga kwa njia zilezile, na kazi ya mtu aliye hai inayolipiwa bei yake ndiyo hasa Morris aliyoitaka.

Mtindo huu ulikufaje, na ulirudije?

Vita, bei na kuchoka. Stickley alifilisika mwaka 1915, na jarida lake likafungwa mwaka uliofuata. Watu walianza kutaka nyumba za mtindo wa kikoloni zilizopakwa rangi nyeupe, na fanusi za shaba zikapandishwa darini au kuuzwa kwa wanunua vyuma chakavu. Mwaka 1972 chuo kikuu cha Princeton kilifanya maonyesho makubwa yaliyowafumbua macho watafiti na wakusanyaji. Baada ya hapo bei zilianza kupanda. Mwaka 1988 mwimbaji Barbra Streisand alilipa dola 363,000 kwa kabati moja la Stickley, na hata wasiojali samani wakalisikia jina hilo.

Nikitaka kuziona kwa macho yangu niende wapi?

Uingereza, Standen na Cragside ziko chini ya National Trust, shirika la kuhifadhi majengo ya kihistoria, na ziko wazi kwa umma. Marekani, anza na Gamble House ya Pasadena, shamba la Stickley la Craftsman Farms huko New Jersey, na jumba la makumbusho la vuguvugu hili lililofunguliwa St. Petersburg, Florida, mwaka 2021. Makumbusho ya Oakland, California, yana kazi za Van Erp. Grove Park Inn bado ni hoteli, na unaweza kuketi tu katika ukumbi wake mkubwa ukatazama.

Nimenunua taa Marekani. Naweza kuitumia Tanzania, Kenya au Uganda?

Unaweza, kwa sababu taa ya zamani haina kifaa cha elektroniki ndani yake; ni waya, swichi na kishikizo. Marekani hutumia volti 120, kwetu ni 230 hadi 240. Balbu uliyokuja nayo iache hukohuko, nunua ya volti za hapa. Kishikizo cha kuzungusha cha Marekani kinakaribiana sana na kile cha kuzungusha kinachouzwa madukani kwetu, ila kama nyumba yako imezoea balbu za pini, hakikisha unanunua ya kuzungusha. Soma maandishi kwenye kishikizo: vingi vimeandikwa volti 250, na hivyo vinafaa. Kama hayapo au hayasomeki, kibadilishwe.

Nyaya ndizo zenye hatari. Zile za awali zilifunikwa kwa mpira na kitambaa. Baada ya miaka mingi mpira unakauka na kumomonyoka, na taa yenyewe ni chuma kitupu ambacho mtoto atakishika. Fundi umeme aondoe nyaya zote, aweke mpya za nyuzi tatu, aunganishe ya ardhi na mwili wa taa, na afunge plagi ya pini tatu. Mwambie asitoboe shaba wala kukata ribiti. Njia ya waya ya zamani inatosha. Vipande vya asili vilivyotoka, vitie katika bahasha na kuvihifadhi pamoja na taa. Mpaka kazi hiyo iishe, usiichomeke kwenye soketi hata kwa kujaribu.